Mashahidi wa Luhemba

Nchi tunayoisimulia haipo, na wananchi wake wameshatakiwa na serikali yao wathibitishe hivyo kwa maandishi, nakala tatu. Wengi wametii. Waliobaki wamepewa muda hadi mwisho wa mwaka wa fedha, kwa hiyo tuharakishe.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na mwanamke mmoja, Siwatu Kombo, mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masoko ya wilaya nne akiwa na mawe ya chuma kwenye buti la gari, kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Idara yake ilikuwa na magari sita mapya, lakini yote yalikuwa na majukumu. Mawili yalisindikiza harusi za wakubwa, mawili yalisindikiza misiba yao, na mawili yalikaa tayari kwa lolote litakalozuka baina ya hayo. Basi Siwatu alitumia gari lake mwenyewe, kigari cheupe kilichochoka, ambacho kioo cha mlango wa kushoto hakikupanda hata ukisukume kwa viganja viwili. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na vitu vya serikali alivionea haya kama vya mkwe.

Sasa, mwaka ule serikali ilitangaza Kodi ya Fahari. Mwenye gari huhesabiwa kuwa na fahari, na fahari yake hutozwa kodi inayozidi bei ya gari lenyewe, ili watu wasijisahau. Anayeshindwa kulipa huchukuliwa gari. Hapo deni humwisha na fahari humwisha, akarudi zake kwa miguu akiwa na afya njema.

Lakini serikali ile ina huruma, msiisikie hivihivi. Iliweka Nafuu ya Mwendo wa Kazi kwa mtumishi anayetumia gari lake kuutumikia umma. Masharti yalikuwa machache tu, kurasa themanini na moja. Mwenye gari aandike kila safari kwenye daftari, mita ya kilomita ilisomaje alipoondoka na ilisomaje alipofika. Safari ya kutoka nyumbani kwenda ofisini haihesabiwi, kwa kuwa serikali haikumtuma mtu awe na nyumbani. Na sharti kuu, lililopigwa mistari miwili ya wino mwekundu, lilisema kwamba mtumishi akichepuka kwao wakati wa safari ya kazi, hata mara moja, hata kwa kunywa maji tu, basi safari zake zote za mwaka mzima zinageuka kuwa matembezi.

Siwatu alisoma kurasa zote themanini na moja, akashusha pumzi. Daftari lake lilikuwa safi. Hakuwa amechepuka popote. Akipata nafuu, gari linabaki. Gari likibaki, kazi inabaki. Likichukuliwa, nafasi yake angepewa mpwa wa mkurugenzi, kijana ambaye hakujua mizani inavyosomwa lakini alikuwa na gari.

Akakaa kujaza fomu. Kipengele cha saba kiliuliza: Kwenu ni wapi?

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Mtu akiulizwa kwao hataji chumba na sebule alichopanga mjini kwa mama mwenye nyumba anayefunga bomba saa moja asubuhi. Hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake na walipozikwa wazee wake. Siwatu hakufikiri mara mbili. Aliandika: Luhemba.

Wino haujakauka, akasikia harufu ya moshi wa kuni pale mezani. Akageuka. Hapakuwa na mtu wala jiko.

*

Luhemba ilikuwa chini ya maji. Yapata miaka kumi na moja nyuma serikali ilijenga Bwawa la Shukrani, ili taa za bustani ya Mlezi Mkuu wa Taifa zisizimike hata mchana. Wanakijiji waliambiwa wahame na makaburi yao yatahamishwa nyuma yao, kwa heshima zote, na bendi. Kulikuwa na karatasi ya kuikubali ahadi hiyo, na watu waliizunguka kwa wasiwasi, wakimtazama Siwatu, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtumishi wa serikali na ndiye aliyejua karatasi.

Siwatu alitia saini wa kwanza. Baba yake alikuwa amelala pale mwaka wa pili, na jina lake kaburini aliliandika yeye mwenyewe kwa msumari, saruji ikiwa mbichi. Aliiamini ile karatasi. Watu wakaona ametia saini, nao wakatia. Malori yakaja, maji yakaja juu ya makaburi, bendi haikuja.

Barabara ya kwenda masokoni hupita palepale inapoanzia njia ya Luhemba. Hakuna mkaguzi wa mizani anayeweza kuikwepa. Kila alipofika hapo Siwatu alikaza shingo na kutazama upande wa pili, na kila mara moshi wa kuni uliingia kwa dirisha lile lisilofunga, mahali ambapo hapana jiko hata moja kwa mwendo wa saa nzima. Wakati mwingine alisikia na harufu ya maharage yaliyotokota. Hakuwa mwoga. Alikuwa na aibu, tena aibu ya kweli, ile inayomzuia mtu asimtazame baba yake usoni. Basi akakanyaga mafuta na kupita.

*

Bwana Nehemia Lukwaro, Mkadiriaji Mkuu Mwandamizi wa Daraja la Juu, alimwita wiki ya pili. Alikuwa na mhuri wa kila siku ya juma, na wa Jumapili alikwenda nao kanisani. Daftari la Siwatu lilikuwa wazi mbele yake.

"Bi Siwatu," alisema, "serikali imelisoma daftari hili machozi yakiilengalenga. Mwandiko gani huu! Usafi gani huu! Lakini serikali ni mzazi, na mzazi lazima aulize. Umepita njia ya kwenu mara mia mbili na kumi na mbili, kwenda na kurudi. Hukuingia?"

"Sikuingia, mheshimiwa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Bwana Lukwaro alivua miwani, akamtazama kwa huzuni ya kiofisi. "Mimi nina kwetu. Nikipita tu barabara kuu, mama keshajua. Sharti niingie, nile, nifungiwe kuku miguu, niwekewe na ndizi. Nisipoingia, mwaka mzima nasemwa. Sasa wewe unakaa hapo unaniambia umepita kwenu mara mia mbili na kumi na mbili hukusema hata hodi? Binadamu gani huyo?"

Swali lile Siwatu alikuwa amejiuliza mwenyewe, barabarani, mara mia mbili na kumi na mbili.

"Luhemba iko chini ya maji, mheshimiwa," akasema. "Kuna bwawa pale."

"Hayo ni ya wizara ya maji. Sisi hapa tuna rejista." Akafungua kitabu kikubwa cha jalada la kijani, akasoma kwa sauti ya kuhutubia. "Luhemba! Kaya themanini na nane. Imeongoza kitaifa kwa ulipaji kodi miaka kumi na moja mfululizo. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyeandamana. Mlezi Mkuu mwenyewe amekitunuku kijiji ngao. Ama unataka kuniambia kwamba Mlezi Mkuu amewatunuku samaki ngao?"

Siwatu aliona swali hilo lina mlango wa gereza ndani yake.

"Utaleta barua ya wakazi wa Luhemba," Bwana Lukwaro akamaliza, akipiga mhuri wa Jumatano, "ithibitishe kwamba ulipita na hukusimama. Nakupa siku kumi na nne. Pasipo barua, gari ni fahari, na fahari tunaijia na mnyororo."

*

Barua za vijiji zilishughulikiwa masjala, na masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo, mahali panaponuka karatasi na viatu. Karani wake alikuwa Mzee Chambuso, aliyesahauliwa kustaafishwa. Siwatu alimwamkia, akamweleza shida yake. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akainuka, akafunga mlango.

"Mwanangu," alisema, "barua za Luhemba naandika mimi."

"Unaandika wewe?"

"Barua, ritani za kodi, salamu za sikukuu kwa Mlezi Mkuu. Zote. Miaka kumi na moja." Akakaa, akaongea kwa sauti ndogo. "Nyinyi mlichukuliwa na malori Jumatatu, sivyo? Makarani wa kuandikisha watu wa fidia walifika Alhamisi. Hawakukuta mtu. Na walikuwa wameapishwa wasirudi na fomu tupu. Basi wakaingia makaburini, wakaandika majina waliyoyakuta kwenye misalaba na kwenye saruji. Kaya themanini na nane. Waliwauliza maswali yote, na pale mtu alipokaa kimya wakaandika ndiyo."

Siwatu alishika ukingo wa meza.

"Fidia ikatolewa kwa majina hayo," mzee akaendelea. "Kila mwaka inakatwa kodi kabla haijatoka humu ndani. Ndiyo maana hawajawahi kuchelewa. Hawajawahi kuishika."

"Na baba yangu yumo?"

"Kombo Nyange. Kaya ya arobaini na mbili. Mtu mpole, hajanisumbua hata siku moja." Mzee Chambuso akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu. Nimewaandikia siku nyingi mno, nimewazoea. Wakati mwingine nikiwa peke yangu hapa nawataja kwa majina, nasikia kama wameitika. Nikamwambia daktari, akasema nipunguze chumvi."

Akamwahidi kwamba angemwandikia barua yake vizuri, maneno mawili matatu, apige mhuri wa kijiji, ambao aliuhifadhi kwenye droo na ufunguo akauvaa shingoni. Aje kesho asubuhi aichukue.

*

Asubuhi Siwatu alimkuta Mzee Chambuso amekaa na chai iliyopoa. Mbele yake, kwenye trei ya barua zinazoingia, palikuwa na karatasi moja.

"Yangu ni hii hapa," mzee akasema, akitoa nyingine mfukoni. "Hiyo si yangu. Droo nimeikuta imefungwa, ufunguo ninao mimi. Soma wewe, mimi nimeisoma imenitosha."

Karatasi ilikuwa imelowa chapachapa, na wino haukutawanyika hata kidogo. Mhuri wa Luhemba ulikuwa umepigwa chini, umenyooka. Siwatu akasoma.

"Kwa Mkadiriaji Mkuu. Sisi wakazi wa Luhemba tunamfahamu Siwatu binti Kombo. Tunathibitisha kwamba alipita. Tarehe nne Machi alipita mvua inanyesha, waipa zimekufa, anafuta kioo kwa kanga. Tarehe ishirini na moja alipita anakohoa, hakuwa amekula. Tarehe tisa Juni alipunguza mwendo penye njia yetu, tukasimama. Kisha akaongeza mwendo, tukakaa. Huwa anatazama upande wa pili. Hajasimama hata siku moja. Anafanya kazi sana na amekonda. Tunaomba apewe nafuu."

Chini yake palikuwa na majina themanini na nane. La arobaini na mbili lilianza kwa K yenye mguu mrefu ulioburutwa mpaka mstari wa chini. Ndivyo baba yake alivyokuwa akiandika kwenye magunia, enzi zake za kupima pamba kwenye ghala la ushirika, na ndipo Siwatu alipojifunzia mizani, akiwa amekalishwa juu ya gunia.

Alisoma mara mbili pale kwenye tarehe tisa Juni. Tukasimama. Tukakaa. Akaichukua barua, akatoka nje bila kuaga.

*

Bwana Lukwaro aliipokea barua kwa shangwe. Aliikung'uta maji, akaianika kwenye kiti cha wageni, akaita wasaidizi wake waje waone jinsi wananchi makini wanavyotoa ushahidi, kwa tarehe, bila siasa.

"Nafuu yako imepita!" alitangaza. "Kilomita elfu ishirini na moja, zote za kazi. Mfano kwa taifa. Nitapendekeza upigwe picha. Bado kiapo tu. Simama, nyanyua mkono, soma kwa sauti."

Siwatu akasimama, akapokea karatasi ya kiapo, akasoma. "Mimi, Siwatu Kombo, naapa kwamba nilipita kwetu mara mia mbili na kumi na mbili, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, na sikuona sababu ya..."

Akaishusha karatasi.

"Ya kusimama," Bwana Lukwaro akamsaidia.

Siwatu alijaribu tena, akafika palepale, akakwama palepale. Maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye barua yalikuwa yamefika miguuni pake.

"Ni maneno ya fomu tu, mama," Bwana Lukwaro akasema, akianza kukereka. "Hakuna anayeyaamini. Mimi mwenyewe nimeapa mambo humu ndani, ungeyasikia ungezimia. Yaseme uondoke na gari lako."

"Naomba nikayasome nyumbani kwanza, mheshimiwa."

"Mwisho kesho saa sita mchana," akasema. "Saa sita na dakika moja ni fahari."

*

Kesho yake saa mbili asubuhi Siwatu alikuwa barabarani. Alifika penye njia ya Luhemba, akapunguza mwendo. Alijua kwamba wamesimama. Akawasha taa ya kukata kona, ingawa nyuma yake hapakuwa na gari hata moja, akakata kona.

Njia ilikuwa imeota majani, lakini katikati palikuwa peupe, palipokanyagwa. Akaenda polepole kilomita tatu, hadi njia ilipoingia majini na kuendelea chini kwa chini, ikionekana kidogo, kisha isionekane. Akazima gari, akavua viatu, akasimama maji yakamfika vifundoni. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda juu ya bwawa zima. Alisikia mchi ukitwanga kwa mbali, kisha ukanyamaza, na ilimjia kwamba wote wametega sikio.

"Shikamoo, baba," alisema.

Maji yalitulia. Akangoja. Alilia sana, kwa kwikwi, hakujizuia kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona isipokuwa wale waliokwisha kumwona kila siku.

"Nilitia saini wa kwanza," alisema. "Wenzangu walinitazama mimi. Niliogopa kuja kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine. Nisamehe."

Hapakuwa na jibu. Akangoja mpaka jua likapanda na muda ukambana, akarudi garini, akafungua daftari magotini. Angeweza kuiacha safari hii bila kuiandika. Hakuna binadamu aliyemwona, na mpwa wa mkurugenzi angecheka mpaka alie akisikia ameiandika. Lakini maisha yake yote alikuwa akiwatoza faini wauza sukari kwa gramu hamsini. Akaandika: "Kuchepuka. Kwenda kilomita tatu, kurudi kilomita tatu. Sababu: kumwamkia baba."

*

Saa tano na nusu Bwana Lukwaro aliusoma mstari ule, akauinamia, akausoma tena.

"Kilomita sita!" alilia. "Umeharibu elfu ishirini na moja kwa kilomita sita! Kwa nini uliandika, mama? Nani alikuuliza?"

"Nilikwenda, mheshimiwa."

Akachukua mhuri mwekundu. Mkono wake ulisita hewani. Alitazama mlangoni, kisha kwenye kile kiti cha wageni kilichokuwa hakijakauka, akainama mbele na kuuliza kwa sauti ambayo haikuwa ya ofisini kabisa.

"Alikujibu?"

"Hapana," Siwatu akasema. "Hakujibu."

Bwana Lukwaro akashusha pumzi, mtu aliyepona. Akapiga mhuri: MATEMBEZI.

Gari lilichukuliwa saa sita na dakika moja. Jioni ileile lilionekana limefungwa maua, la mwisho katika msafara wa harusi, dirisha la kushoto wazi. Mpwa wa mkurugenzi alikabidhiwa mawe ya chuma, akayatumia kuzuia mlango wa ofisi usijifunge. Siwatu alirudi kwenye chumba na sebule yake kwa miguu. Alikaa ndani siku tatu, na jambo lililomuuma halikuwa gari.

Siku ya nne Mzee Chambuso aliingia masjala akaikuta trei ya barua zinazoingia imejaa maji. Akaiinua karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma. Akatafuta jalada la kuiweka. Alitafuta chini ya Kodi, chini ya Fidia, chini ya Malalamiko na Shukrani, hakupata pa kuiweka. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika utumishi wake wote. Alivaa kofia, akatoka na karatasi ya serikali mkononi, akavuka mji mzima kwa miguu, mikono ya shati imelowa, akabisha hodi.

Siwatu alifungua mlango. Mzee akampa ile karatasi. Siwatu akasoma amesimama palepale kizingitini.

"Kwa Siwatu. Marahaba, mwanangu. Usinune kwa jibu kuchelewa. Huku kwetu kila kitu lazima kipitie ofisini."